Barakoa Kumi na Mbili Zilizonuka Senene

Ndugu wasomaji, acheni nijicheke mwenyewe kwanza. Kwenye kinu chetu cha kukoboa kahawa, Bukoba, nilikabidhiwa barakoa kumi na mbili za mpira za kuzuia vumbi na harufu, zilizoletwa kwa meli. Nikazihesabu mara mbili. Kuzijaribu ni rahisi: unavaa, unasogezewa kitu chenye harufu kali, ukiisikia, inavuja. Nikachagua senene wa kukaanga, wale panzi wetu watamu. Nikawaonja kwanza, mara mbili, nihakikishe wananukia.

Nikavaa ya kwanza: senene. Ya pili: senene. Zote kumi na mbili: senene!

“Mbovu zote, zirudi melini,” nikamwambia msimamizi. Akaanza kuzifunga, huku wanawake wanaochambua kahawa wakikohoa vumbi.

“Ngoja, bwana,” akasema Ma Koku, mmoja wao. “Kwa mila ya hapa, sisi wanawake hatuli senene. Nijaribu mimi.”

Akavaa. Nikampitishia sahani ya senene puani.

“Sisikii kitu.”

Akavaa ya pili, ya tatu. Hakuna kitu. Kisha akanitazama mdomoni, akacheka hadi akashika ukuta.

“Waitu, jamani, barakoa ni nzima! Kinachonuka ni masharubu yako.”

Nikayapangusa. Vichwa viwili vya senene vikaanguka mbele ya msimamizi. Nikahesabu tena: vilikuwa vitatu.