Odowa ya Nyar Uriri

Mwanamke akishika mimba hapa Kisegi, wa kwanza kujua si mumewe wala mkunga. Ni Nyar Uriri, muuza odowa. Wanamjia wamejitia hamnazo, mara wanabonyezabonyeza nyanya za jirani, mara wanaulizia omena wasiyoitaka, halafu mkono unateremka wenyewe kwenye gunia, unaokota kipande cha jiwe, unakipeleka mdomoni. Yeye anawatazama tu na kucheka kimoyomoyo. Karibu mama, jisikie nyumbani.

Jina lake hasa ni Roseline, ila aliolewa kutoka Uriri na hilo la kwao, binti wa Uriri, ndilo lililomkaa. Mumewe, Nashon, alikuwa mchimba dhahabu huko Migori mpaka shimo lilipomporomokea. Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Shemeji zake hawakumfukuza, la. Waliacha tu kumsalimia, na kama unaona hilo ni afadhali basi hujawahi kukaa kwenye boma usilosalimiwa. Akahamia huku kando ya ziwa, akapanga chumba, akaanza kuuza mawe ya kula.

Usicheke. Kazi hiyo inataka akili. Gunia likishushwa kutoka machimboni huwa na kila takataka ndani, na si kila jiwe jeupe ni odowa. Nyar Uriri hulimwaga juu ya turubai na kuanza kuchambua. Odowa yenyewe ni nyepesi mkononi, ukucha unaikwangua bila nguvu, na unga wake unateleza kati ya vidole kama poda. Itie tone la maji, itanukia mvua ya kwanza. Ilambe, itanata ulimini. Jiwe la chokaa linafanana nayo rangi kabisa, lakini ukucha haulipati vizuri, ulimini halinati, na ukilikwangua kwa kisu ukalikamulia ndimu linachemka povu. Hilo huwawekea mafundi wa kupaka kuta. Ulanga unamenyeka magamba membamba yanayong'aa, na watoto wanagombania. Magadi yana uchungu na chumvichumvi. Hayo anayauza pembeni kwa wanaopika mboga ngumu. Lakini lile jiwe gumu kama kioo, linaloweza kuchora chupa, analitupa mbali kwa hasira. Ndilo Nashon alilokuwa akilifuata chini ya ardhi, akitafuta dhahabu ndani yake.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikimla. Wateja walimpenda, wee! Hamu ikimshika mwanamke, haipiti siku bila kufika. Atakaa juu ya debe, atatafuna, atamwaga ya mume, ya mama mkwe, ya ndoto alizoota. Halafu anajifungua, na mtoto akitoka, hamu nayo inatoka. Utamwona anapita sokoni na mtoto mgongoni, anapunga mkono kwa mbali, "Habari ya siku nyingi, Nyar Uriri!" na huyoo anaenda zake. Hakuna ubaya hapo, wala hakuna aliyekosa. Ila marafiki zake wote, kila mmoja wao, walidumu muda wa mimba tu. Jioni alirudi chumbani kusonga ugali wa mtu mmoja, na hakuna kazi inayoudhi kama hiyo.

Ndipo akaja Lynnet, msusi mwenye kibanda nyuma ya kinu cha posho. Mimba ilikuwa ya kwanza na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mathe, hizi mawe zote zinafanana. Unajuaje?"

"Lete ulimi."

Akamfunza. Si muda Lynnet akawa anafumba macho, anapokea kipande, analamba. "Hii ni chokaa, ptuu! Hii sasa ndio yenyewe." Walicheka mpaka Dorine, muuza odowa wa upande wa pili, akawapigia kelele wanyamaze, wanamfukuzia wateja. Siku zisizo na wateja Lynnet alimsuka, bure, akimkemea kwa kuziacha nywele zikawa hivyo. Nyar Uriri alifumba macho chini ya vidole vile. Tangu amzike mumewe hakuna mtu aliyekuwa amemgusa kichwa.

"Nikizaa," Lynnet akasema siku moja huku akivuta msuko, "huyu mtoto atakuita dani."

Dani, bibi! Kwa mwanamke ambaye hata mama wa mtu hakuwahi kuwa! Neno lile lilimwingia. Alienda nalo nyumbani, akalirudiarudia mbele ya sufuria, akajionea aibu, na akalirudia tena.

Kisha Lynnet akaja kutoka kliniki, anacheka. "Sista amesema damu yangu iko chini sana. Ati niwache odowa, ndiyo inaniharibia. Nimeficha kadi. Mama mkwe akijua atanifungia kwa nyumba mpaka nizae. Mathe, usiambie mtu." Na mkono huo, kwenye gunia.

"Si uache basi!"

"Nitaacha kesho. Na ukininyima, Dorine ako pale."

Nyar Uriri alimtazama viganja. Vilikuwa vimepauka. Akamvuta jicho kidogo kwa kidole, ndani hamna wekundu. Alimpenda yule msichana, mimi sitaki kuzungukazunguka. Akimuuzia, anamuua polepole. Akimnyima, anamsukuma kwa Dorine, damu itazidi kuisha na yeye atabaki na debe tupu pale mbele yake. Akimwambia mama mkwe, amevunja neno lake.

Wauza odowa wana imani yao, na hakuna daktari aliyewafundisha: mja mzito aking'ata jiwe baya wakati hamu imempanda, tumbo linageuka na hamu inakimbia. Ataling'ata mara moja, atalitema, basi yameisha. Nyar Uriri akapiga moyo konde. Akachagua vipande vya chokaa, vile vilivyofanana na odowa kuliko odowa yenyewe, akamfungia kwenye gazeti.

Looh! Alisahau kwamba ni yeye mwenyewe aliyemfunza Lynnet kuyatambua.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, watu tele. Lynnet alikuja mbio na tumbo lake, nyuma yake mama mkwe, Kezia, mikono kiunoni. Gazeti likatupwa juu ya turubai, vipande vikatawanyika.

"Chokaa! Nimeweka ndimu, imechemka! Unaniuzia chokaa, mathe?"

Soko lote likageuka. Nyar Uriri alifungua mdomo. Neno moja tu, damu, lingemtoa pale, na watu wangemwelewa. Lakini Kezia alikuwa amesimama palepale, masikio wazi.

"Nimekosea," akasema. "Mawe yamenichanganya."

Lynnet akamtazama kama mtu asiyemjua. "Wewe? Wewe hukoseagi mawe. Umefanya makusudi." Akaanza kulia mbele ya watu.

"Hukuzaa," Kezia akamalizia, "ndiyo sababu unawaonea gere waliojaliwa." Akamshika mkaza mwanawe mkono, wakaondoka.

Hakuna aliyemtetea. Wajawazito wote wakahamia kwa Dorine, na Nyar Uriri akabaki na magadi yake na mafundi wa kupaka kuta. Kuna siku alimchukia Lynnet, nani angemlaumu? Siku nyingi zaidi alijichukia mwenyewe kwa ujanja wake wa kijinga, na kwa kuwa kila asubuhi alitandika turubai akiangalia njia ya kinu. Alikuwa anamngoja mtu ambaye alijua haji.

Mvua zilikuja zikaisha. Alasiri moja Dorine, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila tu biashara ilikuwa imemnyookea, akavuka na kukaa kidogo.

"Umesikia Lynnet amejifungua?"

"Salama?"

"Salama salimini. Lakini unajua nini? Kwangu hakuwahi kununua hata kipande. Mimi nilimngojea, wapi! Anasema tangu siku ile yako kila jiwe linamnukia chokaa, hata kulitazama anataka kutapika." Dorine akatikisa kichwa. "Ulimharibia hamu kabisa, Nyar Uriri. Haki hukufanya vizuri."

Nyar Uriri aliinua kichwa. Lynnet mwenyewe alikuwa anakuja kutoka upande wa kinu, mtoto begani ndani ya shuka jipya. Macho yao yakakutana. Lynnet akamhamisha mtoto bega la pili, mbali na turubai, akapita. Nyar Uriri hakuona ila kisigino kidogo.

"Wewe umemwona huyo mtoto?" akauliza.

"Nimembeba hata."

"Amenona?"

"Amenona mpaka mikono ina mikunjo."

"Basi," akasema Nyar Uriri, na machozi yakamtiririka, hakujisumbua kuyafuta. Dorine akampigapiga mgongo kwa huruma. Alidhani analia kwa aibu.