Zahanati yetu ilipigwa kufuli ikimsubiri mfadhili, na mimi nina uchungu mlangoni

Wakuu, habari za humu ndani. Vijana mnaoniamkia, marahaba.

Mimi ni bibi mtu mzima kweli kweli. Naandika kwa kidole kimoja, mjukuu kanikuzia herufi kwenye simu, kwa hiyo nikichelewa kujibu komenti mnivumilie. Haya ninayoyaandika sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mwilini mwangu.

Nimechokozwa na uzi wa juzi. Kijana mmoja kaandika kwamba masetla wa enzi za Mwingereza walikuwa watu wa kutoa, walitujengea zahanati, na sisi Waafrika hatuna shukrani. Wengi mkamuunga mkono.

Nimeshindwa kunyamaza. Acha niwaeleze jinsi zahanati moja ilivyojengwa.

Niliolewa kijiji kimoja juu ya Myamba, huku Upareni kusini. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Mume wangu Elisante alikuwa anakata mkonge kwenye shamba la mzungu mmoja huko chini, upande wa Same. Anakaa kambini, anapanda mlimani mara moja moja.

Siku zile mwanamke uchungu ukimzidi alibebwa kwenye machela ya miti kuteremshwa hospitali ya Gonja. Njia yenyewe mawe na utelezi. Wapo waliofika. Wapo waliojifungulia porini. Wapo waliorudishwa wamefunikwa shuka.

Mtoto wangu wa kwanza alifia kwenye njia ile. Sitaliongelea sana hilo.

Sasa kijijini alikuwepo mama mmoja mjane, Nakiete. Hakuwa tajiri. Alikuwa na kipande cha ardhi tambarare karibu na mfereji, na aliyefika Upareni anajua ardhi tambarare kule ni kitu gani. Sisi wengine tulikuwa tunalima tumeegemea mlima.

Nakiete alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema anakitoa kile kipande ijengwe nyumba ya kujifungulia wazazi. Shemeji zake walimjia juu. Wakamwambia atakula nini. Akawajibu, "Nitalima kule juu kwenye mawe. Mimi si wa kwanza kulima kwenye mawe."

Basi tukaanza msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kila kaya inatoa mtu. Wanaume walivunja mawe na kukata miti. Wanawake tulibeba mchanga kutoka mtoni kichwani, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyelipwa. Kuta zikapanda mpaka juu.

Tukakwama kwenye paa.

Jumbe wetu, mkuu wa kijiji enzi zile, akashuka kumwona yule mzungu wa mkonge. Na mzungu akatoa. Sitaki kumnyima haki yake, akatoa mabati, vitanda, mashuka meupe na mlango mzuri wa mbao wenye kufuli. Tulishangilia. Mimi mwenyewe nilicheza, na mimba yangu ya pili ndiyo kwanza inaanza kuonekana.

Kumbe mabati yalikuja na sharti.

Mzungu alitaka afungue nyumba yeye mwenyewe, mbele ya wageni wake, na mpiga picha awepo. Gari lake lisingeweza kupanda hadi mvua iishe na barabara itengenezwe. Mpaka hapo mtu asiingie, mashuka yasije yakachafuka. Ufunguo akabaki nao jumbe.

Nesi mkunga alikwishafika. Alikuwa amepanga kwa Nakiete, anashinda anamenya maharage. Vitanda tunaviona dirishani vimetandikwa. Mvua inanyesha, na wanawake wanaendelea kubebwa kwenda Gonja, wanapitishwa mbele ya mlango ule ule. Nadhani mnaelewa hasira yangu inatoka wapi.

Zamu yangu ikafika.

Uchungu ulinianza asubuhi, siku ya soko. Mvua ilikuwa imekata njia, udongo umeporomoka, Gonja hakuendeki. Mama mkwe na majirani wakanibeba hadi zahanati. Nikawekwa chini barazani, nimeshikilia mguu wa mama mkwe.

Jumbe akaitwa. Akaja na mwavuli.

"Ninao ufunguo," akasema, "lakini nimeagizwa nisifungue. Bwana akikuta pamechafuliwa nitamweleza nini?"

Mama mkwe akapiga magoti kwenye tope. "Jumbe, huyu mtoto wake wa kwanza alimzika. Usinifanye nizike mara ya pili."

"Mpelekeni nyumbani kwa Nakiete. Nesi si yuko kule?"

Nesi alikuwa amekwishatoka mbio, kanishika tumbo. Akasema mtoto amekaa vibaya, anahitaji kitanda cha juu, mwanga, na vifaa vyake ambavyo navyo vimefungiwa ndani. Jumbe akatazama pembeni.

Hapo Nakiete akatokea na shoka. Wala hakuwa anakimbia. Akasimama mbele ya jumbe.

"Jumbe, ardhi hii niliitoa kwa nani?"

"Mama Nakiete, usinitafutie matatizo."

"Nakuuliza. Niliitoa kwa nani?"

"Kwa wazazi," jumbe akasema.

"Basi mzazi huyu hapa. Sogea."

Jumbe akasogea. Nakiete akapiga lile kufuli mpaka ubao wa mlango ukapasuka. Wakanibeba ndani.

Sitawaeleza yote, humu kuna watoto. Itoshe kusema nesi alifanya kazi ya watu watatu, nililowesha mashuka ya mfadhili na godoro lake, na mchana ule nikampata binti, analia kwa nguvu. Nesi aliniambia baadaye kwamba ningebaki pale barazani tungekwenda wote wawili.

Mnadhani watu walimpongeza Nakiete?

Jumbe alimwita kwenye baraza lake la kuamua kesi. Kosa lake ni kuharibu mali ya Bwana. Mali ya Bwana, wakuu, kwenye ardhi ya Nakiete, kwenye mchanga tulioubeba kichwani. Adhabu akapangiwa kutengeneza barabara ambayo gari la mzungu lingepandia. Mwanamke mzima, mjane, akawa anagonga mawe kwenye matope hadi barabara ikaisha. Baadhi yetu tulikwenda kumsaidia. Mimi sikuweza, nilikuwa bado nimelala kitandani kwa uzazi. Akakatazwa pia kuonekana siku ya sherehe.

Mlango ukazibwa kwa ubao, ukapakwa rangi. Mashuka yakafuliwa. Mkunga akaambiwa afunge mdomo.

Mfadhili akaja na mkewe na wageni. Tukaimba. Akakata utepe mbele ya mpiga picha. Halafu jumbe akataka mama mwenye kichanga asogee mbele atoe shukrani, na kichanga kilikuwa changu.

Elisante alikuwa amepewa ruhusa aje. Alinishika mkono kwa nguvu. "Sema asante basi. Mimi nakula kwa huyu mtu."

Nikasimama mbele na mwanangu kifuani. Nikasema kwa sauti, watu wote wakasikia, "Asante kwa mabati na vitanda. Lakini huyu mtoto yupo hai kwa sababu mama Nakiete alivunja mlango. Aliyetoa ardhi mmemwadhibu, na leo hayupo hapa. Naomba aitwe."

Elisante kainamisha kichwa.

Karani aliyekuwa anatafsiri akamgeukia mzungu, akasema maneno machache tu ya Kiingereza. Mzungu akatabasamu. Akamgusa mwanangu kichwani, mkewe akafuta machozi, picha ikapigwa. Wote wakapiga makofi.

Nikaenda nyuma ya nyumba nikamsubiri karani. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema unamwombea Mungu ambariki."

"Mimi sikusema hivyo."

"Najua. Nimemwokoa mumeo. Ukitaka kazi yake iishe leo, rudi ukaseme tena."

Sikurudi. Elisante alikuwa ananitazama kutoka kule mbele.

Nikaenda moja kwa moja kwa Nakiete. Nilimkuta anapalilia kule juu kwenye mawe, mikono imejaa malengelenge. Nikamweleza huku nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mlango uko wazi?" akauliza.

"Uko wazi."

"Nesi yuko ndani?"

"Yuko."

"Basi mpeleke mtoto nyumbani, upepo huu utamdhuru."

Akaendelea kupalilia.

Na ni kweli zahanati ilifanya kazi. Wanawake wa kijiji chetu waliacha kufia njiani. Watoto wangu wote waliofuata nilijifungulia pale. Mabati yale yalitukinga na mvua miaka mingi, siwezi kukana.

Ila mpaka leo watu wanapaita pale kwa jina la utani la yule mzungu. Nakiete alikufa na kuzikwa huko huko juu, na vijana wa kijiji hawamjui. Yeye aliridhika. Mimi sijaridhika hadi leo na umri huu.

Nilichojifunza ni hiki. Kutoa kwa mtu kupimwe kwa kilichobaki mkononi mwake baada ya kutoa. Mzungu alibaki na shamba lake lote, tena linalimwa na mume wangu kwa ujira mdogo. Nakiete alibaki na mawe. Na msaada unaofungiwa ndani ukingoja makofi, wakati mwenye shida yuko mlangoni, huo nashindwa kuuita msaada.

Kwa hiyo kijana wa uzi wa juzi, shukrani tunazo. Tuulize kwanza tunadaiwa na nani.

Karibuni mchangie, hata mnaonipinga, nitawasoma wote taratibu. Na kama kwenu kuna wodi, kisima au darasa limekamilika na limefungwa linamsubiri mgeni rasmi, andikeni hapa ni kijiji gani. Msione aibu kutaja.