Hesabu ya Wageni Kumi na Watano

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha darasa la pili pale Kalembe, nilikuwa na daftari la matayarisho zuri kiasi kwamba mkuu wa shule alilizungusha kwa walimu wengine walione. Kila somo lilikuwa na lengo lake, limepigwa mstari mwekundu kwa rula. Kujumlisha nilikuweka muhula wa kwanza, kutoa muhula wa pili, kama programu inavyotaka. Katikati niliacha ukurasa mtupu, kwa ajili ya usafi.

Watoto walijifunza kujumlisha kwa wimbo niliotunga mwenyewe. Muhula wa pili ulipofika nikatunga wimbo mwingine wa kutoa, wa polepole na sauti ya chini, kwa sababu niliona kupungukiwa ni jambo la huzuni. Waliimba zote mbili vizuri, hata wanawake waliopita na vikapu vya maharagi walisimama kusikiliza. Shida ilikuwa moja tu. Nikiuliza nane na tano, walijibu kumi na tatu. Nikiuliza papo hapo kumi na tatu ukitoa tano, walinikodolea macho, kisha wakaanza ule wimbo wa huzuni tangu mwanzo mpaka wafike mahali penyewe.

"Ile iko wimbo ingine, Madame," mtoto mmoja alinieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Benchi la nyuma alikaa msichana wa miaka saba, mtoto wa wakulima wa kilimani. Huyo hakuimba. Alichezesha midomo tu. Katika daftari langu nilimwandika kuwa ni dhaifu, kwa wino ule ule mwekundu. Siku moja niliweka maharagi manane mezani, nikaongeza matano, kisha nikaondoa matano. Akanyoosha mkono.

"Madame, ile tano yenye unatosha, njo ile yenye uliongeza, ao ni ingine?"

Kwetu kutosha ni kuondoa, na njo ni ndiyo. Nilimwelewa vizuri kabisa, ila swali lake halikuwa katika matayarisho.

"Tano ni tano," nilimjibu. "Ikala."

Wenzake walicheka, naye akaketi. Nakumbuka nilijisifu moyoni kwa jibu fupi namna ile.

Baada ya Pasaka bunduki zililia upande wa juu, na watu wa vijiji vya huko wakateremka kwetu na magodoro kichwani, sufuria, mbuzi, na wazee waliobebwa mgongoni. Wengine walilazwa kanisani, wengine walipokelewa majumbani. Jumatatu iliyofuata nilipata wageni kumi na watano darasani. Tulikuwa ishirini na saba, tukawa arobaini na wawili, na benchi la watoto watatu likajifunza kubeba watano. Mkuu wa shule aliagiza idadi iandikwe kila asubuhi kwenye pembe ya ubao, ili inspekteri akipita aikute. Tangu nifike hapo hakuna inspekteri aliyekuwa amepita.

Wiki tano hivi baadaye tulisikia kwamba juu kumetulia. Jumamosi watu wakafunga mizigo, na siku nzima ile njia ya kilima ilikuwa mstari mmoja wa watu wanaopanda. Jumatatu kulikuwa na ukungu mzito na darasani giza. Tulisali, nikachukua chaki ili niwahesabu watoto kabla ya kuandika idadi.

"Tuko makumi mbili na saba," sauti ilitoka nyuma. Alikuwa yule msichana wangu dhaifu.

"Umehesabu saa ngapi?"

"Sikuhesabu, Madame. Kumi na tano walikuja, kumi na tano wameenda."

"Hapa tunahesabu," nilimwambia.

Nikapita benchi kwa benchi, nikimgusa kila mtoto kichwani. Nilipata ishirini na wanane. Nikarudia, ikawa ishirini na wanane tena. Sitaki kusema uongo: nilifurahi. Mwalimu mwenye cheti alikuwa amemshinda mtoto wa miaka saba, na ushahidi ulikuwa umekaa kwenye mabenchi.

"Makumi mbili na munane," nilitangaza. "Umeona?"

Hakuona haya. Alitazama mabati juu kidogo tu.

"Basi walienda kumi na ine," akasema. "Mumoja alibakia."

Kisha, kutoka benchi lililo nyuma ya mlango uliokuwa wazi, mahali ambapo mwanga haukufika, mkono mdogo ukainuka. Alikuwa mmoja wa wale wageni, msichana mwembamba aliyevaa sweta ya mtu mzima.

"Ni mimi, Madame. Mama alizala juzi. Hawezi kupanda mulima."

Niliandika 28 kwenye pembe ya ubao. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa furaha ya mwalimu, kilikuwa hasira. Aibu ilikuja baadaye, mchana, nilipokuwa nachambua maharagi nyumbani na lile swali la msichana wangu dhaifu, kuhusu ile tano, likanirudia. Alikuwa ameniuliza kama waliotoka ndio walioingia. Alikuwa ameliuliza somo lote la mwaka kwa sentensi moja, nami nikamwambia aketi.

Kesho yake niliyaacha maharagi. Niliwaita watoto tisa mbele ya ubao, nikatuma wengine wanne nje, kisha nikawaita waingie wajiunge nao. Kumi na tatu. Nikawaambia wale wanne watoke tena.

"Tisa!" darasa likapiga kelele kabla sijauliza.

Halafu nikawaambia waliokaa walale juu ya mabenchi, wafumbe macho. Niliwarudisha wale wanne ndani, nikatangaza kwamba mbele wako kumi na tatu, kisha nikawatoa nje watano kimyakimya. Walipofumbua macho waliona wanane.

"Inje kuko wangapi?"

"Tano!"

Hakuna aliyeimba. Mtoto mmoja wa benchi la mbele akasimama, amenuna, kama mtu aliyefichwa jambo la nyumbani kwao.

"Kumbe ni watu wale wale!"

Ndiyo, walikuwa wale wale. Nilikuwa nimewaficha watoto jambo hilo tangu mwezi wa tisa, kwa nyimbo mbili na ukurasa mtupu.

Wiki hiyo hiyo inspekteri akafika. Alikuja kwa pikipiki, tope mpaka magotini, akakuta nusu ya darasa langu nje kwenye manyunyu.

"Hawa wamefukuzwa?"

"Hapana, Papa Inspekteri. Wametolewa. Tutawaongeza sasa hivi."

Hakucheka. Aliomba daftari, akalitafuta somo la siku, hakuliona, akaamuru watoto wote waingie. Kisha akauliza wanajua nini. Waliimba wimbo wa kwanza, wakaimba na wa pili, mpaka mwisho, bila kukosea. Uso wake ulilainika. Aliandika kwamba mwalimu ana mbinu nzuri ya nyimbo, aendelee nayo, na aache kuwatembeza watoto nje kwenye baridi. Mkuu wa shule aliibandika karatasi hiyo ofisini, maana ilikuwa na muhuri.

Yule mgeni hakuondoka tena. Mama yake alipata sehemu ya kulima mihogo kwa shangazi yake, na mimi niliwakalisha wale wasichana wawili benchi moja. Mwaka uliofuata wakapanda darasa la tatu, kwa mwalimu mwenzangu, mwanamume mkali anayependa utaratibu. Haukupita mwezi akaja kunilalamikia.

"Madame, wale watoto wako wawili wananisumbua. Nauliza kumi na saba kutosha tisa, wanajibu hata hawajashika vijiti vya kuhesabia. Nikajua wanaibiana majibu. Nikawatenganisha, mumoja huku, mumoja kule."

"Na sasa?"

"Bado wanajibu. Tena ule mumoja, mwenye uliniambia hakukuwa akiimba, ananirudishia swali mimi mwalimu wake: tisa na ngapi njo kumi na saba?"

"Na wewe ulimujibu nini?"

Alikohoa kidogo, akatazama kiwanjani.

"Nilimwambia aikale," akasema.