Bati Langu na Mbegu za Jirani

Niliteremsha mawe kutoka juu ya paa langu wiki ile ile mvua kubwa ilipokuwa inakaribia, kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja na niliona mawe hayapendezi. Basi, nimesema. Kwa miaka mingi jambo hili nimelipa majina mengine: bahati mbaya, upepo, kazi ya Mungu. Ulikuwa ujinga, na ulikuwa wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika kijiji kimoja kati ya Ruiru na Thika ambako serikali ya mkoloni ilitukusanya wakati wa Hali ya Hatari. Nyumba zilipangwa mistari mistari, zimebanana hivi kwamba jirani akipiga chafya ungeweza kumwambia pole bila kuinuka kitini. Mimi kutoinuka kulinifaa sana. Nilikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge, na nikishatoka kazini sikuwa na safari nyingine: chai, kiti, gazeti la juzi. Nyumba yangu ndiyo pekee ya mabati katika mstari wetu. Nyingine zote zilikuwa za nyasi, na sitadanganya kwamba sikuliona hilo kila nilipofungua mlango.

Kila mwaka, mawingu yakianza kujaa upande wa Kilimambogo, watu walijiandaa. Walichimba mitaro nyuma ya nyumba, wakaingiza kuni ndani, wakapitisha kamba za mkonge juu ya mapaa na kuzifunga kwenye vigingi. Mwenye mabati, yaani mimi, aliweka mawe. Jirani yangu wa mkono wa kulia, mjane wa umri wa mama yangu ambaye kwa heshima nilimwita maitu, yaani mama, alinikuta nikiyashusha.

"Karani, mawe unayapeleka wapi?"

"Maitu, wageni wanakuja Jumamosi. Paa lina misumari."

"Na upepo?"

"Upepo wa kubeba nyumba uko mbali, visiwa vya upande wa Amerika. Hapa kwetu haufiki. Tulifundishwa sekondari."

"Hii! Na huu wetu, mlifundishwa?"

Nilicheka. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka.

Wakwe walikuja, wakala, na mzee wao akainua macho akasema, "Hii sasa ni nyumba." Nikavimba. Walipoondoka nilijiambia nitarudisha mawe kesho yake baada ya ibada. Baada ya ibada kiti kilikuwa kizuri kuliko ngazi.

Upepo ulikuja alasiri hiyo, mvua ikiufuata nyuma. Nilisikia msumari mmoja ukilia kama jino linalong'olewa, kisha mwingine, kisha nikaona mbingu ndani ya nyumba yangu. Mabati mawili yaliondoka. Moja lilianguka njiani. La pili lilipasua nyasi za paa la maitu, pale pale juu ya meko, ambapo kwenye dari ya fito alikuwa ameweka kibuyu cha mbegu ili moshi uzikaushe.

Hakuumia, ashukuriwe Mungu. Alitoka nje amebeba kibuyu kilichovunjika, maharagwe yamechanganyika na majivu na maji, uji mweusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu yake yote. Kila nyumba ilikuwa na ya kwake ya kutosha tu, na asipopanda kwa mvua hii angelala njaa hadi mvua nyingine. Nilisubiri anitukane. Ningelipa chochote kusikia tusi.

"Zimelowa," alisema, akizikoroga kwa kidole. "Zikikaa zitaoza. Kesho asubuhi zote ziingie ardhini."

Kabla ya giza wanaume walikuwa wameziba paa lake kwa nyasi. Langu hakuna aliyeligusa, wala sikuuliza.

Asubuhi sikwenda kwenye mizani. Nilikwenda shambani kwake na jembe. Lazima mjue kwamba kwetu maharagwe yalipandwa na wanawake. Mwanamume alikuwa na ndizi zake, miwa yake na viazi vikuu vyake. Wanawake sita wa mstari wetu walikuwa wameinama tayari. Waliponiona waliinuka wote kwa pamoja.

"Atiriri, jamani! Mwanamke mwenzetu amefika!"

"Karani, huko sekondari wanasema mbegu ngapi kwa shimo?"

"Mwacheni. Akimaliza tutamfundisha kusuka kiondo."

Niliinama nikachimba. Niliweka mbegu tano mahali pa mbili, nikazifukia kama mtu anayezika siri. Maitu alinifuata nyuma, akifukua na kupanda upya. Kufikia saa sita mgongo haukuwa wangu tena, na viganja vilikuwa vimetoka malengelenge ambayo nilijaribu kuyaficha mfukoni. Wanawake waliyaona. Wakaanza utani upya.

Siku zilizofuata nilipitia shambani mwake kila asubuhi kabla ya kazi, nikijifanya njia ile ni fupi. Ilikuwa ndefu mara mbili. Udongo ulibaki vile vile, mweusi, umelala. Nilijiona nikimweleza mjane kwa nini hatakula. Siku ya saba udongo ulikuwa umepasuka, na vichwa vya kijani vimejikunja vikitoka. Mistari yangu ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, lakini mingine ilijaa.

Nilikwenda mlangoni kwake jioni hiyo na maneno niliyoyapanga kutwa nzima, yenye "samahani" tatu na mstari kutoka Zaburi. Alikuwa anapepeta mahindi. Nilifika samahani ya pili tu.

"Karani, maharagwe yameota," alisema, bila kuacha kupepeta. "Hiyo aibu yako rudi nayo kwako, mimi hapa sina mahali pa kuiweka."