Siku Baba Alipopanda Kreti la Soda

Siku hiyo sokoni Bumula tulikuwa hawa: baba yangu mwenye duka, mama, senge Nekesa (yaani dada wa baba), jirani yetu Mama Nafula, na mimi, kifungua mimba, nimeshika kofia ya baba. Leo mjukuu wangu hapa Kitale amekata mche wa sabuni, na ile harufu ya duka imenirudisha pale.

Baba alikuwa anaomba kura ya udiwani. Mpinzani wake, mwalimu, alikuwa ametoka kuhutubia saa nzima bila kukohoa. Baba akapanda juu ya kreti la soda. Watu wakanyamaza, na yeye pia akanyamaza.

"Ongea, bana! Ama tumeze mate tu?" mtu akapiga kelele.

Senge akafunika uso na leso. Baba akamwangalia Mama Nafula, akasema kile alichosema kila asubuhi dukani: "Mama, nikupimie nini?"

Soko lote likacheka. Mama Nafula hakucheka.

"Nipimie daraja. Mvua ikinyesha, watoto wangu hawavuki kwenda shule."

"Na sisi maji! Si utupimie!" wengine wakaitikia.

Baba akateremka, akamwendea kila mmoja akiuliza hivyo hivyo. Kura akapata, akashinda, na daraja la mbao likajengwa. Nafikiri mimi ndiye niliyelivuka wa kwanza, bila viatu. Lakini kama ni Nafula, mtoto wa jirani, aliyetangulia, aje anisahihishe. Sitabisha.