Ubingwa wa Kwenye Boksi

Mpaka leo nikiona boksi limeandikwa "cheza kama bingwa", nashikwa na hasira hadi mate yananikauka. Acheni niseme, nikinyamaza nitapasuka.

Sisi tulicheza chesi kwenye benchi nyuma ya hoteli ya chai pale Machakos mjini. Mwenye hoteli, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, alituachia benchi mradi tununue chai. Sheria zetu zilikuwa mbili tu: kete ikiguswa imeguswa, lazima uicheze, na anayeshindwa ainuke. Mdogo wangu wa kike alikuwa amemaliza kidato cha nne na kazi aliyopata ni kuosha vikombe humo humo jikoni. Jumamosi, akipata nafasi, alikuwa anaketi kwenye hilo benchi na hakuna wa kumwinua. Mimi kaka yake mkubwa nilishazoea kuinuka.

Kisha likaja boksi. Jamaa mwenye chuo cha kompyuta ghorofani alishuka nalo akiwa amelishika kwa mikono miwili. Eti programu iliyo ndani haijawahi kushindwa na binadamu, na itampima kila mtu kiwango chake cha kweli. Nikamuuliza, binadamu gani hao? Mabingwa wa Ulaya, akasema. Nikamuuliza wepi, naye akacheka, akaniambia hii ni sayansi. Nikaligeuza boksi. Chini kabisa, kwa herufi za kuumiza macho, walikuwa wameandika kwamba nguvu yake ilipimwa kwa kucheza na programu zingine. Aiya! Yaani mashine zimepimana zenyewe kwa zenyewe, halafu sisi ndio tunaambiwa tumeshindwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilijitembeza mpaka kwenye chai yetu.

Katibu wa klabu yetu ya chesi, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, alilipenda boksi kuliko alivyotupenda sisi. Wakati huo tulikuwa tumealikwa Nairobi, mashindano ya timu. Kila mtu alijua shirika fulani litakuwepo likitafuta msichana wa kuchezea timu yake, na atakayepatikana atapewa kazi ya ofisi. Kazi, jameni. Mdogo wangu alikuwa ameshaazima sketi ya kuvaa. Katibu akatangaza kwamba mwaka huu timu itachaguliwa na kompyuta, ili kusiwe na mambo ya kujuana.

Watu wakapanda ghorofani. Ile programu ilikuwa na kitufe cha kurudisha hatua. Ukipoteza malkia, unabonyeza, malkia anarudi mahali pake, unajaribu njia nyingine. Ukishinda hivyo mashine inakupigia tarumbeta na kukupandishia namba, na haihesabu umebonyeza mara ngapi. Wenzangu walibonyeza kama watu wanaopura maharagwe. Wale waliokuwa wakiinuliwa benchini hata chai haijapoa, sasa ndio mabingwa. Mdogo wangu alikataa kukigusa hicho kitufe. Alicheza, akashindwa, akainuka, vile tulivyomfundisha sisi wenyewe. Mashine ikampa namba ya mwisho.

Nilimwendea katibu nikamweleza hiyo habari ya kurudisha. Akanigeuzia skrini nione namba.

"Mimi siwezi kubishana na kompyuta," akasema.

Kubishana na mimi aliweza sana.

Nilienda nao Nairobi kushangilia, na nilijuta. Mchezaji wetu wa kwanza alishika malkia, akaona hatari, akamrudisha chini, akashika farasi. Refa akaitwa. Umegusa malkia, cheza malkia. Jamaa akabaki ameangalia meza kama anayetafuta kitufe. Wa pili akafanya vile vile, na wa tatu. Kufika saa ya chakula tulikuwa tumemalizwa. Mama mmoja wa lile shirika akaja kuniuliza kama Machakos hakuna wasichana wanaocheza. Nikamwambia yuko mmoja, yuko nyumbani anaosha vikombe. Akasikitika kweli, akasema wameshampata wao asubuhi hiyo.

Na mwenye chuo hakuona haya. Alibandika picha ya timu mlangoni, na chini yake maneno: walioenda Nairobi walifunzwa na programu hii. Ukitafuta uongo hapo hata neno moja hupati, na ndiyo maana nilitaka kuipasua ile picha kwa meno.

Jumamosi iliyofuata katibu alikuja benchini, akaketi mbele ya mdogo wangu, akijifanya hakuna kilichotokea. Katikati ya mchezo akashika farasi, akasita, akataka kumrudisha. Mdogo wangu akamshika mkono.

"Umegusa, katibu. Cheza."

Akacheza. Akashindwa. Akainuka. Mdogo wangu akakusanya vikombe vyetu vyote, na cha katibu pia, akarudi jikoni kuviosha.