Kidole cha Mwalimu Déo

Hapa kwetu Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi huku ughaibuni, ukinunua simu mpya unaipeleka kwa Mwalimu Déo. Alifundisha darasa la tano kule Uvira kabla vita havijamfukuza. Siku hizi anapanga maboksi kwenye ghala. Jumamosi anakaa kwenye ngazi za jengo letu, miwani puani, watu wanapiga foleni. Huyu anataka akaunti ya umeme, yule fomu ya shule ya mtoto. Mwalimu anajaza jina na tarehe ya kuzaliwa, halafu yanakuja yale maandishi marefu yasiyoisha. Anayateremsha mpaka chini na kubonyeza mahali pa kukubali. Hasomi. Na nani husoma? Mimi Wawira ni nesi, nimesoma Kiingereza tangu nasari, na sijawahi kumaliza hata moja.

Christelle ni jirani yangu, mlango wa pili. Alinunua sufuria ya umeme ya presha, ile inayoivisha maharagwe upesi, maana kazi ya kutunza wazee ilikuwa inamrudisha nyumbani amechoka hoi. Sufuria ikataka kusajiliwa kwenye simu. Hebu niambie, ni sufuria gani hiyo inayosajiliwa kama mtoto mchanga? Akampa Mwalimu simu na kusema, "Mwalimu, unimalizie yote." Mwalimu akamalizia yote.

Wiki ya tatu kifuniko kilifyatuka, na kilikuwa kimefungwa vizuri. Nilisikia ukelele nikakimbia na taulo lenye maji. Ngozi ya mkono wa kulia ilikuwa imebambuka mpaka kwenye kiwiko. Miezi minne baadaye vidole vyake vilikuwa bado havikunjiki, na kazi ya kuinua wazee ikaishia hapo.

Christelle hakuwa anatafuta utajiri. Alitaka kusimama mahakamani, wale watu kumi na wawili wanaoamua kesi wauone mkono wake, na mtu wa kampuni aulizwe hadharani kwa nini kile kifuniko kilifunguka. Huko alikotoka aliumizwa, na waliomuumiza hawakuulizwa na mtu yeyote.

Kampuni ikajibu kwamba hana ruhusa. Ati siku ya kusajili sufuria alikubali kutoishtaki mahakamani kamwe. Malalamiko yake yatasikilizwa na kuamuliwa na msuluhishi, kwenye chumba kilichofungwa, na yatakayosemwa humo hayatatoka nje. Wakili wa Christelle alituambia umebaki mlango mmoja tu. Aliyebonyeza si Christelle. Kama Mwalimu alikubali bila kutumwa, basi makubaliano hayo si ya Christelle.

Nikampeleka Mwalimu mahakamani kwa gari langu akatoe ushahidi, maana jaji alipaswa kuamua hilo kwanza. Njiani nilimwambia, na sioni haya kulisema, "Wakikuuliza alikutuma nini, wewe sema hukumbuki." Nilipopaki, akanigeukia.

"Dada Wawira," alisema, "nilichapa watoto wa watu kwa kudanganya kwenye mtihani. Leo niape kwa Mungu halafu nidanganye?"

Wakili wa kampuni alikuwa mtu mpole. Alimuuliza kama aliyasoma yale maandishi. Mwalimu akasema hapana, na nusu ya jengo letu ilikuwa imekaa pale inamsikia. Kisha wakili akataka kujua Christelle alimwambia nini alipompa simu.

Mwalimu alimtazama Christelle. "Aliniambia nimmalizie yote," alisema.

Jaji akaamua kwamba Mwalimu alitumwa, kwa hiyo kidole chake kilikuwa kidole cha Christelle. Kesi iende kwa msuluhishi. Nilitamani kumzaba Mwalimu kofi, Mungu anisamehe. Nilimnunia wiki mbili, nikipita pale kwenye ngazi bila salamu.

Christelle hakumnunia. Jumamosi iliyofuata alishuka na simu yake, kwa sababu makaratasi ya msuluhishi yalikuwa yameingia. Foleni ya Mwalimu sasa ni fupi. Anasoma kila mstari na kumweleza mtu kwa Kiswahili, na watu wana haraka zao. Nilikuwa dirishani nawasikiliza. Alimsomea saa nzima na zaidi: hakuna watu kumi na wawili, hakuna kukata rufaa, hakuna kusimulia nje kilichosemwa ndani. Christelle alisikiliza, mkono ule ameulaza mapajani.

"Nimesikia yote, Mwalimu," alisema. "Sikubali. Unionyeshe pa kubonyeza."

Mwalimu akayateremsha maandishi mpaka chini. Akayapandisha, akayateremsha tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akatafuta upya. Pa kubonyeza palikuwa mahali pamoja tu, pa kukubali.